UZI: Hakimu amekubebesha nusu ya lawama ya ajali. Rufaa inabadilisha lini, na lini unapoteza hela tu?

MwanaRufaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali hili halikauki humu: "Mahakama imesema nilichangia ajali kwa asilimia 30," au 40, au 50, "je, nikate rufaa?" Kazi yangu ni kuandaa rekodi za rufaa za kesi za ajali hapa Mombasa, kwa hiyo hukumu za aina hii nazisoma kila siku, na naona watu wanavyoumia kwa kutojua jambo moja. Jaji wa rufaa habadilishi asilimia kwa sababu tu yeye angetoa nyingine. Anabadilisha akionyeshwa kwamba aliyegawa alikosea njia. Ukienda kulilia namba, unarudi mikono mitupu.

Nianzie mbali kidogo. Sheria ya Kiingereza tuliyorithi ilikuwa haina huruma. Mwaka 1809, katika Butterfield dhidi ya Forrester, mtu aliyekuwa akitengeneza nyumba yake aliweka mti ukaziba sehemu ya barabara. Mpanda farasi akaja jioni kwa kasi, akaugonga, akaumia. Hakupata hata senti, kwa sababu naye hakuwa mwangalifu. Kosa lako likiwa dogo kama punje, ulikosa vyote. Kwenye meli hali ilikuwa tofauti lakini nayo mbovu: meli mbili zikigongana na zote zina kosa, hasara ilikatwa nusu kwa nusu, hata kama moja ndiyo iliyokosa zaidi. Uingereza ililegeza kwa meli mwaka 1911, na kwa watu wengine wote mwaka 1945. Kenya tunayo kanuni hiyo hiyo kwenye kifungu cha 4 cha Law Reform Act, Sura ya 26: fidia inapunguzwa kwa kadiri mahakama itakavyoona ni haki, ikitazama sehemu ya mdai katika kuwajibika kwa madhara.

Angalieni hapo: kuwajibika kwa *madhara*. Mtu anaweza asichangie ajali hata kidogo lakini akachangia kuumia kwake. Kesi inayotajwa sana ni Froom dhidi ya Butcher ya Uingereza, ambamo jaji Lord Denning aliweka viwango kwa asiyefunga mkanda: kama mkanda ungezuia majeraha yote, punguza asilimia 25, kama ungeyapunguza kwa kiasi kikubwa, 15, kama usingebadilisha chochote, usipunguze kitu. Kwa hiyo wakili wa upande wa pili akisema "hakufunga mkanda", usiishie kukubali au kukataa. Muulize mkanda ungezuia nini. Mguu uliovunjwa na mlango uliobonyea ndani, mkanda ungeuokoa vipi? Na hapo daktari ndiye anayepaswa kusema. Wakili akisema peke yake, hayo si ushahidi.

Hakimu anapogawa anapima mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kitendo cha kila mmoja kilisababisha madhara kwa nguvu kiasi gani. La pili, kila mmoja analaumika kiasi gani. Hayo mawili hayatembei sambamba kila mara. Mtembea kwa miguu anaweza kuwa mzembe kupindukia, lakini mwili wake haumuui mwenye gari. Gari linaua. Ndiyo maana mahakama za Uingereza, kama katika Eagle dhidi ya Chambers ya 2003, zilisema ni nadra mtembea kwa miguu kubeba lawama kubwa kuliko dereva, isipokuwa amejitokeza ghafla mbele ya gari. Hakimu wa kwanza alikuwa amembebesha mwanamke aliyegongwa asilimia 60. Rufaa ikashusha hadi 40.

Sasa rufaa yenyewe. Huku kwetu kuna kanuni mbili ambazo ukizisoma haraka utadhani zinapingana. Ya kwanza ni Selle dhidi ya Associated Motor Boat ya 1968: mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Ya pili ni Khambi dhidi ya Mahithi, ya mwaka huo huo: jaji akishagawa lawama kulingana na makosa ya pande zote, mgawanyo huo usiguswe ila kwa nadra, mfano pakiwa na kosa la msingi wa kisheria au mgawanyo wenyewe ukiwa umekosewa waziwazi.

Ninavyozielewa baada ya kusoma hukumu nyingi, zinafanya kazi kwa zamu. Selle inakuruhusu kupigania *kilichotokea*: nani alikuwa upande upi, kasi ilikuwa gani, taa ziliwaka au la. Mambo hayo yakibadilika, mgawanyo unaanguka wenyewe kwa sababu msingi wake umeondoka. Yakibaki kama hakimu alivyoyaona, unaingia kwenye Khambi, na huko mlango ni mwembamba. Rufaa nyingi zinazokufa nimeziona zikienda moja kwa moja kwenye mlango mwembamba na kuuacha mpana wazi nyuma yao.

---

Bint Likoni

Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi yangu ni ya moto. Ndugu yangu anaendesha boda. Lori lilikunja kulia kuingia kituo cha mafuta, yeye akitokea nyuma, wakagongana. Nyonga imevunjika, hadi leo anatembea na mkongojo. Abstrakti ya polisi, yaani ile karatasi ya muhtasari wa ajali, inamlaumu dereva wa lori. Mwenye lori hakuleta shahidi hata mmoja mahakamani. Hakimu kasema fidia ni 1,200,000 lakini "wote wawili hawakuwa waangalifu", akagawa 50:50. Yaani 600,000 zimekatwa hivi hivi. Hukumu ina wiki mbili sasa. Hii ni haki kweli?

---

MwanaRufaa

Pole sana dada, na umwambie nduguyo pole. Wiki mbili ni vizuri, maana siku ni 30 tangu hukumu, nitalirudia hilo.

Anza na mambo mawili. Kwanza, soma utetezi wa mwenye lori ulioandikwa. Je, alidai kwamba nduguyo alichangia, na akaeleza kwa vipi? Kama hakudai, hakimu hakuwa na pa kulitoa. Kama alidai, swali la pili: nani alilithibitisha? Madai ya kwenye karatasi si ushahidi. Mahakama Kuu hapa Kenya imesema hivyo mara nyingi mno. Mtu anaandika mistari kumi na miwili ya makosa ya mwendesha boda, halafu siku ya kusikilizwa hamleti dereva. Hiyo mistari inabaki wino.

Lakini usishangilie bado. Ushahidi wa kuchangia unaweza kutoka kinywani mwa mdai mwenyewe wakati wa kuhojiwa na wakili wa upande wa pili. Hapo ndipo kesi nyingi zinapovuja. Chukua mwenendo wa kesi uliochapwa, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, tafuta sehemu ndugu yako alipohojiwa, usome neno kwa neno kabla hujamlipa wakili yeyote.

---

Dereva wa Masafa

Mimi niseme la upande wetu. Kila ajali gari ndilo lenye makosa. Mtu anavuka barabara kuu ya njia nne, daraja la waenda kwa miguu liko juu ya kichwa chake, anakatiza chini. Dereva afanye nini? Na watoto wanatoka nyuma ya matatu kama mishale. Kwa nini sheria iwaonee huruma wao tu?

---

MwanaRufaa

Dereva wa Masafa, malalamiko yako yana uzito na sitayapuuza. Aliyekatiza chini ya daraja atabeba sehemu yake, na anastahili kuibeba. Ila haimaanishi dereva anatoka bure. Swali linabaki: ulimwona umbali gani, ulikuwa na kasi gani, ulipunguza?

Kuhusu watoto, kuna kesi ambayo kila anayejali jambo hili angeielewa vizuri: Jackson dhidi ya Murray, iliyofika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015 ikitokea Scotland. Msichana wa miaka 13 alishuka kwenye basi dogo la shule barabara ya mashambani, jioni ya Januari, giza linaingia. Akapita nyuma ya basi, akaingia barabarani bila kutazama. Gari lililotoka upande wa pili lilikuwa linakwenda maili 50 kwa saa, karibu kilomita 80. Dereva aliliona basi limesimama, hakupunguza. Hakuzingatia kabisa kwamba mtoto anaweza kutokea.

Jaji wa kwanza alimpa msichana asilimia 90 ya lawama. Tisini! Mahakama ya rufaa ya Scotland ikashusha hadi 70. Mahakama ya Juu ikagawanyika, majaji watatu kwa wawili, na watatu wakasema 50:50.

Lord Reed aliyeandika hukumu ya waliowashinda wenzao alikiri kwamba hakuna mgawanyo unaoweza kuthibitishwa kuwa ndio sahihi. Majaji wenye akili timamu watatofautiana, na tofauti hiyo inapaswa kuvumiliwa; rufaa inaingia pale tu mgawanyo unapotoka nje ya eneo ambalo watu wenye busara wanaweza kutofautiana. Sasa kwa nini 70 iguswe? Kwa sababu kusema mmoja anawajibika zaidi ya mara mbili ya mwenzake ni kauli tofauti kabisa na kusema wako sawa. Na mahakama iliyotoa 70, kwa maneno yake yenyewe, ilitaja kosa kubwa la dereva na umri wa mtoto, halafu haikueleza kwa nini mtoto bado abebe sehemu kubwa kiasi hicho. Mgawanyo haukulingana na sababu zilizotolewa. Wawili waliopinga walisema mgawanyo wa 70 ulikuwa ndani ya eneo linalokubalika na haukupaswa kuguswa. Nami nawaheshimu, ingawa nafikiri waliowashinda walikuwa sahihi: gari lilikuja kwa kasi ile kwenye basi la shule.

Miaka mingi nyuma, 1966, kulikuwa na Gough dhidi ya Thorne: msichana wa miaka 13 na nusu, dereva wa lori amesimama na kumpungia mkono avuke, gari jingine likapita kwa kasi pembeni mwa lori likamgonga. Jaji alimpa theluthi moja ya lawama. Rufaa ikaifuta yote. Mtoto aliyeruhusiwa na mtu mzima kuvuka, amekosa nini? Na hapa Kenya Mahakama ya Rufaa ilishasema kwamba kwa kawaida mtoto wa chini ya miaka 10 habebeshwi uzembe wa kuchangia, na aliyezidi hapo ni mpaka ithibitishwe wazi kwamba alikuwa na uwezo wa kujua asifanye alichofanya. Kwa hiyo Dereva, ukikuta wakili anagawa lawama na mtoto wa darasa la pili, jua hapo kuna kosa la msingi wa sheria, si la namba.

---

Mzee Tom

Swali fupi. Dereva alikiri kosa la kuendesha bila uangalifu mahakama ya trafiki, akalipa faini. Si basi? Amekubali. Asilimia 100 kwake.

---

MwanaRufaa

Hapana, mzee wangu, si lazima. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inasema hukumu ya jinai iliyokamilika ni uthibitisho kwamba alitenda kosa. Dereva huyo hawezi kukana uzembe wake. Lakini hajazuiwa kusema "mwenzangu naye alikuwa mzembe." Hilo liliamuliwa katika Robinson dhidi ya Oluoch, 1971, na linafuatwa hadi leo. Kukiri kwake kunafunga mdomo wake juu ya sehemu yake tu. Vivyo hivyo abstrakti ya polisi: inaonyesha polisi walimlaumu nani, na hakimu anaweza kufikia jibu jingine akisikia mashahidi.

---

Mwanaukerewe

Mkuu, huku Bongo mambo ni hayo hayo au nyie mna ya kwenu?

---

MwanaRufaa

Mzizi ni mmoja, mkuu. Selle na Khambi ni za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyosikiliza rufaa za Kenya, Uganda na Tanzania hadi mwaka 1977 jumuiya ilipovunjika. Hukumu hizo ni urithi wa nchi zote tatu. Vifungu na muda wa kukata rufaa ndivyo vinavyotofautiana, kwa hiyo hizo siku 30 zangu usizichukue za kwako. Muulize wakili wa huko.

---

Bint Likoni

Nimepata mwenendo wa kesi. Kaka, nimesoma usiku nimekosa usingizi. Alipohojiwa ameandikwa hivi: "Lori niliiona mbele yangu. Ilikuwa imewasha taa ya kukunja kulia. Nilidhani nitapita kabla haijakunja." Upande wa lori hakuna shahidi, kama nilivyosema. Askari wa trafiki alisema lori lilikunja bila dereva kuangalia nyuma na sehemu ya kugongana ilikuwa upande wa kulia wa barabara. Ndiyo tumekwisha?

---

MwanaRufaa

Hamjakwisha. Ila huo mstari wa "nilidhani nitapita" ni mzito, na nisipokwambia hivyo nitakuwa sikusaidii. Mtu aliyeona taa ya kukunja kulia akaamua kupita kulia, hakuna jaji atakayempa 100 kwa sifuri. Wakili akikuahidi hivyo, ogopa.

Sasa tazama hakimu alifanya nini. Alisema wote hawakuwa waangalifu, akagawa nusu. Nusu kwa nusu ina mahali pake maalum. Katika Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, 1971, mahakama ilisema magari yakigongana na ushahidi hautoshi kujua nani mwenye kosa, basi wote walaumiwe sawasawa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilirudia mwaka 2006 katika Hussein Omar Farah dhidi ya Lento Agencies. Hiyo ni ya pale ambapo giza ni tupu: hadithi mbili zinazopingana na hakuna cha kuzitenganisha. Kesi yenu haiko hivyo. Kuna askari aliyesema lori lilikunja bila dereva kuangalia. Kuna mahali pa kugongana. Kuna maneno ya nduguyo. Na dereva wa lori hakuja kusema kama alitazama kioo. Kulikuwa na vya kupima, na hakimu hakuvipima. Alikimbilia nusu kama vile hakuna ushahidi.

Nisamehewe kulisema kwa ukali: hukumu ya 50:50 isiyotoa sababu inamnyima mtu fedha yake na pia inamnyima nafasi ya kujua kwa nini. Mtu aliyevunjika nyonga anastahili angalau aya moja ya sababu.

Kwa hiyo kwenye memoranda ya rufaa, hati inayoorodhesha sababu zenu za kukata rufaa, msiandike "asilimia 50 ni nyingi mno" mkaishia hapo. Andikeni kwamba hakimu alitumia kanuni ya ushahidi usiotosha wakati ushahidi ulikuwepo. Kwamba hakupima ushahidi wa askari ambao haukupingwa. Kwamba hakulinganisha nguvu ya kitendo cha kila mmoja katika kusababisha madhara. Halafu jaji mwenyewe, akitumia Selle, atapima upya. Kwa maoni yangu ombeni 80:20, na msikasirike mkipata 70:30. Hesabu yake ni hii: kwa 50:50 mnapata 600,000, kwa 70:30 mnapata 840,000, kwa 80:20 mnapata 960,000. Hiyo tofauti ndiyo mnayoipigania. Ipimeni dhidi ya gharama za wakili na kuchapisha rekodi. Kumbukeni pia kwamba mwenye lori anaweza kujibu kwa rufaa yake ya kinyume, akisema kiasi cha 1,200,000 kilikuwa kikubwa. Mkifungua mlango, naye anapita.

---

Kijana wa Kisauni

Mimi wakili wangu alikubali 80:20 na wakili wa bima kabla hata ya kusikilizwa. Sikuulizwa. Nikate rufaa?

---

MwanaRufaa

Makubaliano kuhusu dhima, yaani nani awajibike kwa kiasi gani, yakishaandikwa na mahakama, ni kama mkataba. Hayavunjwi kwa sababu ungependa 90:10. Yanavunjwa kwa ulaghai, kwa kula njama, au kwa sababu nyingine inayoweza kuvunja mkataba, na wakili wako kwa kawaida ana mamlaka ya kukubali kwa niaba yako. Lako ni la kuzungumza na wakili wako. Ila niseme ukweli: abiria, ambaye hakushika usukani, kukatwa asilimia 20 kwa makubaliano ni jambo linalonisikitisha kila ninapoliona. Kama ulikuwa abiria na hukufanya kosa lolote, uliza hiyo 20 ilitoka wapi.

Na kwa wale wa matatu lililopinduka lenye abiria wengi: mara nyingi kesi moja inachaguliwa iwe ya mfano, na uamuzi wake kuhusu dhima unawafunga wote. Ukiwa miongoni mwao usikae nyumbani ukisema "ni kesi ya jirani".

---

Mzee Tom

Na mtu akigongwa na magari mawili? La kwanza limrushe, la pili limkanyage?

---

MwanaRufaa

Swali zuri sana, mzee. Fitzgerald dhidi ya Lane, iliyoamuliwa na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa Uingereza wakati huo: mtu alivuka taa zikiwa nyekundu kwake, akagongwa na gari moja, kisha na la pili. Jaji alisema watatu wote wanalaumika sawa, akagawa theluthi kwa theluthi, hivyo mgongwa akakatwa theluthi moja. Lords wakasema alichanganya maswali mawili. Kwanza mpime mdai dhidi ya wadaiwa wote kwa pamoja: alikuwa na nusu ya lawama. Baada ya hapo ndipo wadaiwa wagawane nusu iliyobaki wao kwa wao. Akabaki na asilimia 50, na kila dereva 25. Hiki ndicho kile ninachokiita kosa la njia: ushahidi haukubadilika hata kidogo, lakini jaji alipanga hesabu vibaya, na rufaa ikaingia bila kusita.

---

Bint Likoni

Tumeamua tunakata. Nimebakiwa na siku chache. Nini kinatangulia?

---

MwanaRufaa

Memoranda ya rufaa iwe imefika kwenye rejista ya Mahakama Kuu kabla ya siku 30 kwisha. Usisubiri rekodi nzima, hiyo inafuata. Leo hii hii andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo na hukumu zilizothibitishwa, na uhakikishe barua imegongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ikiwa mahakama itachelewa kuzitoa, huo muhuri na cheti cha ucheleweshaji ndivyo vitakavyokutetea.

La mwisho: Mahakama Kuu ndiyo nafasi yenu ya mwisho ya kubishania kilichotokea barabarani. Mkitoka huko kwenda Mahakama ya Rufaa, ni hoja za sheria peke yake. Kwa hiyo huo ushahidi wa askari uwe ukurasa wa kwanza ambao jaji anauona, na mstari wa "nilidhani nitapita" muutaje ninyi wenyewe kabla wakili wa lori hajausimamia. Nitumie memoranda kwa ujumbe wa faragha kabla hujaifungua, nitaisoma usiku huu.